Wamama Wanabeba Kambi, Wengine Wanashika Maiki

Leo hatukuja na maneno ya kufurahisha. Tumekuja na jambo ambalo wote tunaliona kila siku na tunalipita kama watu wanaopita bomba lililokauka.

Jambo lenyewe ni hili: kazi ya jamii kwenye kambi hii inabebwa na wamama na mabinti, lakini uongozi wa hiyo kazi, sauti yake, safari zake na pesa zake viko mikononi mwa wanaume. Na kama hatutasema sasa, miaka inayokuja itakuwa mibaya zaidi, kwa sababu dunia ya misaada imeanza kuimba wimbo mmoja: wakimbizi wajiongoze wenyewe. Wimbo ni mzuri, hata sisi tunauimba. Lakini tunauliza: wakimbizi gani?

Kambi hii inasimama kwa nguvu za nani

Kwa wageni, tuseme historia kidogo. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 ikafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi, ikapangwa kwa watu kama 10,000 hivi. Leo tumepita 50,000. Wakongo ndio wengi, halafu Warundi na Wanyarwanda, na ndugu zetu Wasomali na Waethiopia. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliukubali kwa masharti yake, na masharti hayo yanagusa mambo kama kazi, masomo na uhuru wa kutembea. Ndiyo maana mkimbizi hapa hawezi kuajiriwa kirahisi wala kwenda kuishi mjini anavyotaka.

Mwaka 2023 masharti hayo yalituuma vizuri. Mwezi wa tatu serikali iliamuru wakimbizi wote waliokuwa wanaishi na kufanya biashara nje warudi kambini. Mwezi wa tano polisi wakaanza kukamata watu Lilongwe, maduka yakafungwa, na watu, pamoja na wamama na watoto, wakapitishwa gereza la Maula kabla ya kuletwa huku. Watu walishushwa hapa na begi moja, wengine hata hawana godoro. Kambi ilikuwa imeshajaa zamani.

Sasa tujiulize: nani aliwapokea? Kabla karatasi za mashirika hazijamaliza kujazwa, kabla hema halijapatikana, nani alisema "ingieni, tutabanana"? Tuliona wenyewe. Ni wamama wenye chumba kimoja na watoto watano. Ndio waliogawa unga uliokuwa hautoshi. Hakuna aliyewapa fulana yenye nembo, na hakuna aliyewaita "wadau."

Na si mwaka ule tu. Nenda Likuni, nenda Kawale, nenda Katubza au Lisungwi, uliza nani anajua nyumba ipi ina mgonjwa ambaye hajatoka nje siku tatu. Uliza nani anajua mtoto yupi ameacha shule kwa sababu ameanza kuuza mandazi, na binti yupi ametafutiwa mume kabla ya wakati. Uliza nani anakusanya pesa za mazishi. Uliza usiku, mwanamke akipigwa, anakimbilia mlango wa nani. Utaambiwa: nenda kwa Mama Fulani. Huyo Mama Fulani hana ofisi, hana barua, hana insentivi. Ana simu ya vitufe na kitenge cha kujifunga kiunoni. Kama kambi hii ingekuwa nyumba, yeye ndiye msingi. Na msingi, kama mnavyojua, huwa haupakwi rangi.

Maiki inaenda wapi

Sasa njoo kwenye mkutano. Mgeni amekuja kutoka Lilongwe au kutoka Ulaya, bango limetundikwa, viti vimepangwa. Viti vya mbele wanakaa nani? Wenyeviti. Katibu, mwanaume. Msemaji, mwanaume. Mkalimani, mara nyingi mwanaume. Wamama wako nyuma na watoto mgongoni, au wako upande wa masufuria. Mwishoni wanaitwa kwa ajili ya wimbo na picha. Picha inakwenda kwenye ripoti, na chini yake inaandikwa kwamba wanawake walishiriki.

Jamani, kushiriki siyo kuamua. Mtu anaweza kushiriki harusi bila kuulizwa bibi harusi atoke wapi.

Tunajua kuna kamati zenye wanawake nusu kwa nusu. Vizuri. Hiyo nusu haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2001 UNHCR ilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi, na mojawapo ilikuwa wanawake wawe asilimia 50 ya wawakilishi kwenye kamati za uongozi wa wakimbizi. Malawi nayo ina Sheria ya Usawa wa Jinsia ya mwaka 2013, inayosema katika ajira za serikali jinsia yoyote isipungue asilimia 40 wala kupita 60. Kwa hiyo karatasi zipo, na zina umri. Ahadi ya 2001 imeshapita miaka 20. Kuna wenzetu wamezaliwa baada yake na sasa wana watoto.

Lakini hesabu ya viti inadanganya. Tusihesabu viti, tuhesabu mambo manne: nani anapanga ajenda, nani anasaini akaunti, nani anasafiri kwenda Lilongwe, na nani anaandika ripoti. Kwenye vikundi vingi tunavyovijua, ukihesabu hivyo, ile nusu kwa nusu inayeyuka kama sukari kwenye chai. Mama ni makamu mwenyekiti, mweka hazina ni dada, lakini nywila ya barua pepe iko kwa kaka, na mhuri uko mfukoni mwake.

Sisi tunaojitolea kwenye mikutano tumeona na jambo la tafsiri. Mama anasimama, anaongea Kirundi au Kiswahili chetu cha Kivu dakika tano: anaeleza njia ya kwenda msituni kutafuta kuni, anaeleza wapi mabinti wanasumbuliwa, saa ngapi, na kwa nini wanaogopa kushtaki. Mkalimani anaambiwa afupishe, muda umeisha. Kinachomfikia mgeni ni sentensi moja: "Anasema kuna changamoto ya usalama." Basi. Dakika tano za ushahidi zimegeuka neno moja la semina. Halafu watu wanashangaa kwa nini taa inawekwa mahali ambapo hakuna anayepita.

Na hiyo safari ya Lilongwe, wengi hawaielewi. Mkutano umewekwa hotelini, saa mbili asubuhi. Ili mkimbizi afike anatakiwa kuwa na ruhusa ya kutoka, nauli ya minibasi, na atoke gizani. Arudi jioni, akichelewa na giza tena. Kijana asiye na mtoto anaweza. Mama mwenye mtoto wa miezi minane, nani anabaki na mtoto? Nani anapika? Kwa hiyo anaenda kijana, anaongea kwa niaba ya wamama, anakula chakula cha mchana, anapokea alawansi, anarudi na kitabu na kalamu. Hakuna mtu aliyewakataza wamama. Ratiba yenyewe iliwakataza, na ratiba haionekani kama ubaguzi, inaonekana kama ratiba tu.

"Hawajasoma"

Tukisema haya, majibu huwa matatu au manne. La kwanza: wamama wetu hawajasoma, hawajui Kiingereza, wataongozaje shirika?

Tujibu kwa mifano. Mwaka 2013 tuzo kubwa ya wakimbizi duniani, Tuzo ya Nansen ya UNHCR, ilienda kwa Sista Angélique Namaika wa Dungu, kaskazini mashariki mwa Kongo yetu. Yule alikuwa anazunguka kwa baiskeli kwenye barabara mbovu kuwatafuta wanawake na mabinti waliotekwa na kuumizwa na waasi wa LRA. Aliwafundisha kusoma, kushona, kuoka mikate, kulima. Wanawake na mabinti zaidi ya 2,000 walipita mikononi mwake. Hakuanza na proposali ya kurasa 40. Alianza na baiskeli.

Mwaka uliofuata, 2014, tuzo hiyohiyo ilikwenda mbali zaidi, mji wa Buenaventura nchini Colombia, kwa mtandao wa wanawake unaoitwa Mariposas, yaani vipepeo. Wale ni wanawake wa Amerika ya Kilatini, wengi wao weusi kama sisi, wenyewe waliofukuzwa makwao na vita na magenge. Walikuwa wanatembea kwa miguu, kwa basi na kwa baiskeli kwenye mitaa hatari kuliko yote, mwanamke kwa mwanamke, kuwasindikiza waliobakwa na kupigwa wafike hospitali na wakashtaki. Ni kazi ileile ya Mama Fulani wa Lisungwi. Tofauti ni kwamba kule walikubaliwa kuwa viongozi wa kazi yao, na jina la mtandao wao likasomwa mbele ya dunia. Huku Mama Fulani anaitwa "mnufaika."

Na hiyo habari ya Kiingereza tuiseme wazi. Kiingereza ni chombo, kama jembe. Mwenye jembe siyo lazima awe mwenye shamba. Kama mama anajua tatizo na anajua dawa yake, na kijana anajua Kiingereza, basi kijana amwandikie mama. Lakini kinachotokea hapa ni mwenye jembe kudai shamba lote.

"Ni utamaduni wetu"

Jibu la pili: sisi Waafrika, sisi Wabembe, sisi Wafuliru, sisi Warundi, kwetu mwanamke haongozi, msituletee mambo ya wazungu.

Wakongo mnaosema hivyo, mnamjua Julienne Lusenge? Alikuwa mwandishi wa habari wa redio huko Bunia. Mwaka 2000, vita vikiwaka, yeye na wanawake wenzake walianzisha SOFEPADI kusaidia wanawake waliobakwa na kuwafikisha wahalifu mahakamani. Baadaye akaona pesa za wafadhili haziwafikii wanawake wa vijijini, akashiriki kuanzisha mfuko wa wanawake wa Kongo. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulimpa tuzo yake ya haki za binadamu. Nani mzungu hapo?

Warundi mnaosema hivyo, mmemsahau Marguerite Barankitse, Maggy wa Ruyigi? Mwaka 1993 watu walipouawa mbele ya macho yake, yeye alikusanya watoto waliobaki, Wahutu na Watutsi pamoja, akajenga Maison Shalom. Mwaka 2015 na yeye akawa mkimbizi kama sisi, akakimbilia Rwanda, akaanza upya kusaidia wakimbizi wenzake. Mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Aurora. Mkimbizi, mwanamke, Mrundi, kiongozi. Maneno yote manne yanakaa kwa mtu mmoja bila kugombana.

Na hapa hapa Malawi, wilaya ya Dedza, Wamalawi walikuwa na Inkosi Theresa Kachindamoto, chifu aliyevunja mamia ya ndoa za watoto na kuwarudisha mabinti shuleni, na aliwafukuza kazi machifu wadogo waliokuwa wanaruhusu ndoa hizo. Huyo alikuwa chifu wa jadi, alikalia kiti cha jadi, alivaa ngozi ya jadi. Mwaka 2017 katiba ya Malawi ikarekebishwa, umri wa ndoa ukawa miaka 18 bila mlango wa nyuma. Utamaduni ulibadilika kwa mkono wa mwenye utamaduni.

Kwa hiyo tusiseme "utamaduni" tukimaanisha "kiti changu."

"Hawawezi kushika pesa"

Jibu la tatu linasemwa kwa sauti ya chini, na wanaolisema wengine wana elimu kubwa: vikundi vya wamama ni vidogo, havina mfumo, pesa itapotea.

Hii inatuchekesha na kutuuma wakati mmoja. Kambini hapa, nani anashika pesa bila kupotea? Wakongo wanaita likilimba, Wamalawi wanaita banki mkhonde. Wamama 15 au 20, kila wiki kila mmoja anatoa kiasi, daftari moja, sanduku moja, funguo kwa watu tofauti. Hakuna mhasibu, hakuna programu ya kompyuta, na mwisho wa mzunguko kila mtu anapata chake mbele ya wote. Anayekula pesa ya likilimba hatapata pa kujificha, kwa sababu anachota maji bomba moja na aliowaibia. Huo ndio ukaguzi wa hesabu. Kuna ofisi zenye viyoyozi ambazo zingefurahi kuwa na ukaguzi kama huo.

Na wakubwa wenyewe walishaahidi. Mwaka 2016 wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana, kwenye makubaliano ya Grand Bargain, kwamba kufika 2020 angalau robo ya pesa za misaada iende kwa mashirika ya wenyeji kwa karibu kadiri inavyowezekana. 2020 ilifika, robo haikufika hata karibu. Wakati huohuo muungano wa mashirika ya wakimbizi, ndani yake YARID ya Kampala na Refugiados Unidos ya Colombia, ulishinda dola milioni 10 na kuzigawa kwa mashirika mengine ya wakimbizi. Kwa hiyo mtu asituambie haiwezekani. Inawezekana, ila inataka kuaminiwa.

Na hapo ndipo tunarudi kwenye lile swali letu. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake na kufunga USAID, kambi zote zilisikia. Posho inapungua, mikataba inaisha, mabango yanashushwa. Mashirika yakiondoka, kitakachobaki ni sisi. Pesa kidogo itakayokuja itasemwa iende moja kwa moja kwa wakimbizi. Kama hakuna kitakachobadilika, itaenda kwa nani? Kwa yule mwenye laptopu, mwenye jina la shirika, mwenye mhuri, mwenye Kiingereza, anayejulikana mjini. Itamruka Mama Fulani kwa mara nyingine, na safari hii hatutakuwa na mzungu wa kumlaumu. Tutakuwa tumejifanyia wenyewe kile tulichokuwa tunawalalamikia wao.

"Wanajitolea kwa moyo"

Jibu la nne ni tamu, kwa hiyo ni hatari zaidi: wamama wetu wana moyo, wanajitolea, tusiwaharibu na pesa.

Sisi ni wajitoleaji, tunajua kujitolea ni nini. Kujitolea ni kuchagua. Mtu asiye na njia nyingine hajitolei, anatolewa. Ukiangalia vizuri, kazi inayofanywa na wanaume ikianza kuwa ya kila siku inapewa jina, fulana na insentivi: mlinzi, mhamasishaji, msimamizi. Kazi ya wanawake ikiwa ya kila siku inaitwa upendo. Kumlinda mtoto aliyeachwa ni upendo. Kumsindikiza aliyebakwa hadi kliniki saa saba usiku ni upendo. Sawa, ni upendo. Lakini upendo haununui sabuni wala vocha ya simu.

Tena hii kazi ina hatari yake. Mama anayemsaidia jirani kushtaki anaishi bloku moja na aliyeshtakiwa. Hana geti, hana mlinzi, mlango wake ni bati. Mtetezi wa haki wa mjini akitishwa anahama mtaa. Mkimbizi wa Dzaleka atahamia wapi, ikiwa hata Lilongwe anahitaji ruhusa? Kwa hiyo tukisema alipwe, alindwe, na jina lake lisitajwe hovyo kwenye mikutano, hatuombi zawadi. Tunaomba vifaa vya kazi.

Mwenye kazi apewe jina lake

Huko Marekani kuna bibi anaitwa Dolores Huerta, mwenye asili ya Mexico. Alikuwa mwalimu, akaona wanafunzi wake, watoto wa vibarua wa mashambani, wanakuja shule na njaa. Mwaka 1962 yeye na César Chávez wakaanzisha chama cha wafanyakazi wa mashamba. Mama wa watoto 11 alikaa mezani na matajiri wa zabibu, akajadili mikataba. Mwaka 1972, huko Arizona, watu walipomwambia haiwezekani, yeye akajibu kwa Kihispania kwamba inawezekana, na neno hilo, "Sí, se puede," likawa wimbo wa vibarua. Miaka mingi watu walidhani ni neno la Chávez. Obama naye akalitumia kwa Kiingereza kuomba kura. Mwaka 2012, alipomvalisha bibi huyu nishani, ndipo akakiri mbele ya watu kwamba alikuwa ameliiba kutoka kwake.

Tunaleta habari hii kwa sababu inatuhusu. Neno linatoka mdomoni mwa mwanamke, linapita kwa mwanaume mwenye jukwaa, linarudi likiwa na jina la mwanaume. Hapa kambini ni vilevile: mradi unafikiriwa jikoni, unaandikwa kwenye laptopu, unasainiwa ofisini, na ukifika Lilongwe mwanzilishi wake ni mtu mwingine kabisa.

Na kwa wamama wenyewe pia tuseme, kwa heshima, maana heshima siyo kunyamaza. Wapo mama viongozi waliopanda ngazi halafu wakaivuta juu. Mwenyekiti mmoja miaka kumi, semina zote ni zake, mabinti wanaitwa kupika chai tu. Hiyo nayo siyo haki. Mwanamke anayefunga mlango hafungi kwa upole zaidi ya mwanaume.

Tunachotaka

Tusimalize kwa kulalamika. Tunasema mambo matano, na yote yanawezekana bila kusubiri sheria mpya.

Kwanza, pesa yoyote inayopitia kwa vikundi vya wakimbizi Dzaleka, nusu iende kwa vikundi ambavyo wanawake ndio wanasaini akaunti. Na maombi yapokelewe kwa mdomo, kwa Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda. Mtu akae na wamama, awasikilize, aandike yeye.

Pili, mkutano unaohusu Dzaleka ufanyike Dzaleka. Ukilazimika kuwa Lilongwe, bajeti iwe na nauli ya mama, ya mtoto, na ya mtu wa kumshika mtoto. Kama kuna pesa ya bango, kuna pesa ya mtoto.

Tatu, tafsiri iwe kamili. Aliyeongea dakika tano atafsiriwe dakika tano, na wakalimani wanawake wafundishwe na walipwe.

Nne, kazi ya jamii inayofanywa kila siku ipewe insentivi sawa, awe ni mlinzi wa geti au mama anayesindikiza waathirika. Na picha ya mtu isichukuliwe kabla hajaelezwa inakwenda wapi.

Tano, kwenye vikundi vyetu sisi wakimbizi, uongozi uwe na muda wake ukiisha umeisha, na anayefanya kazi ndiye anayeiwasilisha mbele ya wageni, hata kwa Kiswahili, hata akitetemeka.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: tunajua wengi wenu mna nia njema na wakubwa wenu wanataka ripoti. Basi kwenye hiyo ripoti acheni kuandika wanawake wangapi walihudhuria. Andikeni wanawake wangapi walikataa jambo, na jambo likabadilika. Namba hiyo ndiyo itawaambia ukweli.

Kwenu makaka wa kambi, wenye laptopu na Kiingereza: hatusemi mkae kimya. Tunasema kila mmoja amchukue binti mmoja kwenye kikundi kimoja cha wamama, amfundishe kuandika proposali, kutuma barua pepe, kusoma bajeti. Miezi sita tu. Na nywila mwachieni yeye. Ukisikia moyo unasita kuachia nywila, basi umeshajua tatizo liko wapi.

Kwenu dada zetu: mtu akikwambia wewe ongoza sala na wimbo, ongoza. Halafu uliza ajenda iko wapi, na usikae mpaka uione.

Sisi tutaanza kwa kuhesabu. Kwenye kila kikundi tulichomo tutauliza yale mambo manne: nani anapanga ajenda, nani anasaini, nani anasafiri, nani anaandika. Majibu tutayaweka hapa hapa, bila majina ya watu, ili kila mtu ajionee. Atakayeona aibu, aibu yake iwe na faida.

Sambazeni kwa wenzenu, na msomeeni mama asiyejua kusoma. Akisema tumekosea, mtuletee maneno yake kamili. Msifupishe.

Ni sisi vijana wenzenu, Dzaleka.